Mguu unaowaka moto na kiwanja kinachotaka kuuzwa: jibu kwa dereva wa Malaba

Swali limetoka kwa dereva wa lori mwenye umri wa miaka 44, mkazi wa Malaba upande wa Uganda. Nimelifupisha, lakini maneno ni yake:

"Daktari, habari za kazi. Huu ni mwezi wa 9 nina maumivu yanayoanzia kiunoni, yanapita tako la kulia na nyuma ya paja, yanashuka mpaka kidole kidogo cha mguu. Kiuno kinauma, lakini mguu ndio unaoninyima usingizi, unawaka kama umepakwa pilipili. Naendesha Malaba hadi Kampala, mara nyingine hadi Elegu. Sindano za maumivu nimechomwa kwenye kliniki za njiani mpaka nimeacha kuhesabu. Kampala nilipigwa MRI, wakasema diski ya mwisho imechomoza na inagusa mshipa wa fahamu. Daktari mmoja anasema nipasuliwe. Mwingine anasema nichomwe sindano ya mgongoni. Mke wangu anasema ni figo. Mjomba ananiita kijijini kwa mganga anayechanja na kupaka dawa. Nimeambiwa aliyepasuliwa mgongo hatembei tena wala hazai tena. Na pesa ya upasuaji ni mpaka niuze kiwanja. Nifanye nini?"

Kaka, pole sana. Miezi 9 bila kulala vizuri ni mingi kwa mtu yeyote, sembuse anayekesha barabarani. Mimi si daktari wa upasuaji. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa miaka mingi migongo ya madereva, wabeba magunia na wakulima wa huku mashariki ndiyo imekuwa kazi yangu. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayeshika miguu ya wagonjwa kila siku.

Wewe unauliza kupasuliwa au kutopasuliwa. Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mguu wako unauma tu, au umeanza pia kuishiwa nguvu? Maumivu, hata yawe makali namna gani, yanakupa nafasi ya kufikiri. Mguu unaodhoofika haukupi nafasi hiyo.

Jipime leo jioni. Simama karibu na ukuta, uguse kwa ncha za vidole ili usianguke. Simama kwa mguu wa kushoto peke yake, inua kisigino mpaka uzito wote uwe kwenye vidole vya mguu, shusha, inua tena, mara kumi. Sasa hamia mguu wa kulia. Ukishindwa kufika kumi, au kisigino kikipanda nusu tu ya kile cha kushoto, basi shavu la mguu limepoteza nguvu. Kisha tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu, uone kama wayo wa kulia unadondoka. Mwisho kaa kitini, uvute vidole gumba vya miguu yote miwili kuelekea juu, mkeo avisukume chini kwa mkono. Kama cha kulia kinakubali upesi kuliko cha kushoto, atakuambia. Andika matokeo na tarehe. Rudia kila Jumapili, kwa sababu kinachonitia wasiwasi zaidi ni mguu uliofika kumi wiki iliyopita na leo umeishia sita.

Nimeanza na kisigino kwa makusudi. Mzizi wa neva (huo mshipa wa fahamu uliotajiwa) unaotokea chini kabisa ya kiuno, ambao madaktari huuita S1, ndio unaopeleka hisia kwenye ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo, na ndio unaolipa nguvu shavu la mguu. Njia ya maumivu uliyoieleza ni ya mzizi huo, na diski iliyoonekana kwenye picha yako ndiyo inayopakana nao. Picha na mguu vinasema neno moja. Wagonjwa wengi wanaonijia hawana bahati hiyo: picha inasema lake, mguu unasema lake, na hapo hata daktari mpasuaji hodari anaweza kufungua mahali pasipo na kosa.

Lakini angalia jambo jingine, ambalo hukuliuliza. Shavu hilohilo la mguu wa kulia ndilo linalokanyaga breki. Kama wayo umekufa ganzi kiasi kwamba hujui umegusa pedali mpaka utazame, au kisigino kimeshindwa kufika kumi, tafadhali usiwashe lori. Nalijua tumbo la nyumbani linategemea safari hizo. Najua pia kwamba mbele yako kuna taksi iliyojaa abiria, na kontena lililo nyuma yako halisimami kwa mguu wa nusu nguvu. Zungumza na tajiri wako upewe kazi ya yadi, au dereva mwenzako ashike usukani kwa wiki chache. Hili sitaki ulipime kwa ujasiri.

Sasa picha. Diski ni mto mdogo unaokaa kati ya pingili mbili za uti wa mgongo. Nje ni ukanda mgumu wa nyuzi, ndani ni ute mzito. Ukanda ukichanika, ute hutoka na kugusa mzizi wa neva. Kuna kubanwa, na kuna pia kemikali zilizomo ndani ya ute huo, ambazo huufanya mzizi uvimbe na kuwaka. Ndiyo sababu mtu mwenye kipande kidogo anaweza kulia usiku kucha, na mwenye kikubwa akawa anacheza mpira. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye miaka 40, takriban nusu walikuwa na diski iliyofura nje ya mpaka wake, na zaidi ya theluthi mbili ya hao wa miaka 40 walikuwa na diski zilizochakaa. Watu hao walikuwa wanalima, wanaendesha na wanacheza ngoma bila habari. Kwa hiyo ukiambiwa "mgongo wako umekwisha" kwa sababu ya picha tu, usikubali. Sisi wahudumu tumewavunja watu wengi moyo kwa maneno ya namna hiyo, na mtu aliyevunjika moyo huacha kutembea, akiacha kutembea maumivu hukaa.

Jambo ambalo wagonjwa huwa hawaambiwi ni kwamba mwili unajua kusafisha. Ute uliotoka huonekana kama mgeni, chembe za kinga huuzunguka na kuula polepole. Kwa wasiopasuliwa, takriban theluthi mbili hupungua au kutoweka kabisa kwenye picha, na cha ajabu, vipande vikubwa vilivyokatika ndivyo vinavyoyeyuka upesi kuliko vidogo. Hakuna mtu anayeirudisha diski mahali pake kwa mikono, awe mganga, awe mimi. Nisikufiche upande wa pili: wengi wenye maumivu kama yako hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12. Wewe umepita hapo zamani. Kusubiri tu bila mpango hakukufai tena.

Kabla sijaenda mbali, kuna hali moja ambayo hata kama ni saa nane za usiku usingoje kuche. Ganzi mahali panapogusa tandiko la baisikeli, yaani kati ya mapaja, sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Mkojo kugoma ilhali kibofu kimejaa, au kutoka bila wewe kujua. Miguu yote miwili kulegea. Hapo fungu zima la neva za chini limebanwa, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa mkojo na nguvu za kiume kurudi. Usipitie kliniki ya mtaani kuomba sindano. Nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa, kwa upande wako ni Mbale, uwatajie dalili hizo kwa maneno hayohayo, na uulize kama daktari wa upasuaji wa neva yupo au wakuhamishie Mulago, hospitali kubwa ya rufaa ya Kampala, usiku huohuo. Mkeo na taniboi wako nao wazijue dalili hizi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huona haya kuzitaja.

Mkeo usimdharau kwa habari ya figo. Huku kwetu kila kiuno kinachouma huitwa figo, na mara nyingi si kweli: figo ziko juu, nyuma ya mbavu za mwisho, na maumivu yake hukaa ubavuni au hushuka kwenye kinena. Hayafiki kidole kidogo cha mguu. Hata hivyo nataka umsikilize, kwa sababu figo zako zimo hatarini kwa jambo jingine, nalo ni sindano. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hupandisha presha na huchubua tumbo mpaka litoe damu. Na dereva ana desturi ya kunywa maji kidogo ili asisimame njiani kila mara. Mwili mkavu, sindano ya diklofenaki Iganga, nyingine Lira wiki inayofuata: hivyo ndivyo mtu anavyotafuta ugonjwa wa figo ambao hakuwa nao. Pima mkojo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), presha na sukari. Ni vipimo vya kawaida, havihitaji Kampala.

Na mara nyingi ndani ya bomba hilohilo la sindano huchanganywa deksamethasoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe ya jamii ya steroidi. Mtu husikia nafuu ya ajabu kwa siku tatu, akarudi. Ikirudiwa kwa miezi, dawa hiyo hupandisha sukari, hulainisha mifupa na inaweza kuua kichwa cha mfupa wa nyonga, na hapo utapata maumivu mapya yanayofanana na ya zamani. Kuanzia leo usichomwe dawa usiyoijua jina. Nunua daftari, kila dawa iandikwe.

Kuna magonjwa mengine ambayo katika nchi yetu ni lazima tuyafikirie. Uganda iliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu hakikai mapafuni tu, hupenda pingili za mgongo. Ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au maumivu yanayozidi ukiwa umelala tuli, sema hivyo hospitalini. Dawa zake katika vituo vya serikali hazilipiwi. Mtu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa anaweza kupata bruselosi, nayo huleta homa za kuja na kwenda pamoja na kiuno. Mwanaume aliyevuka miaka 50 mwenye maumivu mapya ya mifupa apimwe na tezi dume. Na ganzi ya nyayo zote mbili kwa pamoja hunifanya niulize sukari na dawa nyingine anazotumia mtu kabla sijauliza diski. Kwako MRI ingekuwa imeonyesha kifua kikuu cha pingili, kwa hiyo hili nalisema zaidi kwa wengine watakaosoma jibu hili na kudhani ugonjwa wako ni wao.

Dawa za kumeza nizipitie kwa ufupi. Vidonge vya kupunguza uvimbe vina nafasi kwa siku chache, kama figo, tumbo na presha vinaruhusu. Pregabalini huandikwa sana kwa mguu unaowaka, lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 209 wa sayatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni kama yako, haukuona ikizidi kidonge kisicho na dawa, isipokuwa katika kuleta kizunguzungu. Amitriptilini kidogo usiku huwasaidia baadhi ya watu kulala, na usingizi wenyewe ni dawa. Zote mbili hulegeza macho, na hazichanganyiki na usukani. Tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, naiona mikononi mwa madereva wengi kuliko ninavyopenda. Hujenga utegemezi, na hufunga choo. Mtu mwenye diski akijikamua chooni, mguu hulipuka. Vitamini B inamfaa aliyepungukiwa, lakini wanaoimeza kila siku kwa miezi wajue kwamba B6 ikizidi huharibu neva zilezile wanazotaka kuziponya.

Kwa mjomba, mheshimu, mshukuru, lakini kuchanja ukatae. Wembe uliopita mwilini mwa mwingine hubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya B, na chale haifiki kwenye mzizi wa neva ulio ndani ya mfupa. Kukandwa kwa mafuta kwa mikono ya upole sina ugomvi nako, misuli ya kiuno inayokaza kulinda neva hupumzika. Ila wasikukanyage mgongo, wasikuvute miguu, na wasikukande kwa kitambaa cha maji moto mahali penye ganzi. Nimeona wayo ulioungua hadi malengelenge na mwenyewe hakusikia kitu. Na dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ndani ya nusu saa niitilie shaka kwa niaba yako: huenda imesagwa pamoja na vidonge vya dukani.

Sasa nifike kwenye kazi yangu, ambayo katika barua yako haimo. Miezi 9, sindano zisizo na idadi, MRI moja, madaktari wawili, na hakuna aliyekufundisha jinsi ya kusogea. Hili linaniuma, kwa sababu fiziotherapia ipo kwenye hospitali zetu za rufaa na wengi hawatumwi huko.

Kanuni moja ya kuongoza kila zoezi: sikiliza maumivu yanaelekea wapi. Yakipanda kutoka kwenye kidole kuja kwenye paja, kisha tako, kisha kiuno, unakwenda vizuri hata kama kiuno kimeuma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea wayo, acha hilo ulilokuwa unafanya. Jaribu hivi asubuhi na jioni, kwenye mkeka: lala kifudifudi dakika mbili, mikono kando. Mguu ukikubali, jiinue kwa viwiko, kiuno kikibaki kimelegea, dakika mbili nyingine. Kwa watu wengi wenye diski ya mwisho, hilo huvuta maumivu juu. Kwa wengine huyashusha, na hao huhitaji njia nyingine, ndiyo maana napenda mtaalamu akuone kwa macho angalau mara moja badala ya kufuata video.

Halafu tembea. Anza na dakika ambazo mguu unaruhusu, hata tano, mara tatu kwa siku, uongeze dakika moja au mbili kila siku chache. Foleni ya mpakani hapo Malaba, ambayo madereva huimaliza wakiwa wamejikunja kwenye kiti, kwako iwe uwanja wa kutembea. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Nusu ya waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi, nusu ya wenzao siku 112 au zaidi. Kutembea hakulipishwi na mtu.

Kwenye lori, toa pochi mfuko wa nyuma, unaikalia juu ya neva yenyewe. Sogeza kiti karibu na pedali, weka taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno. Mtikisiko wa lori ni adui wa diski, kwa hiyo simama kila baada ya saa moja, ushuke kwa ngazi ukiangalia kiti. Usiruke kutoka kwenye kabini. Na ukitoka kwenye safari ndefu usishike gunia wala jerikeni la lita 20 papo hapo, diski imelainika kwa kukaa. Tembea robo saa kwanza.

Choo cha shimo ni mtihani ambao vitabu vya Ulaya havina. Kuchuchumaa kunakunja kiuno hadi mwisho, na kuinuka kunataka nguvu ambazo mguu hauna. Fundi akutobolee kiti cha mbao cha kuweka juu ya shimo, ni kazi ya siku moja. Kula papai, kunywa maji. Kama unaswali, swali umekaa kitini, na rukuu iwe ya kuinamisha kichwa kidogo. Usiku lala ubavu na mto kati ya magoti.

Mkanda wa kiuno na mashine za kuvuta mgongo usizinunue. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na hivyo viwili ni miongoni mwa vitu lililoshauri visitumike kama kawaida, pamoja na dawa za jamii ya afyuni. Mwongozo ule unawahusu wasio na neva iliyobanwa, lakini na mimi sijaona mkanda ulioufaa mguu kama wako.

Sindano ya mgongoni ni kitu tofauti kabisa na ile ya tako. Dawa ya steroidi huwekwa karibu na mzizi wa neva, vizuri zaidi daktari akiongozwa na mashine ya eksirei. Kwa wastani unafuu wake ni mdogo na ni wa wiki kadhaa. Haiyeyushi diski. Ninaikubali kwa mtu ambaye maumivu yamemzuia hata kutembea dakika tano, ili apate upenyo wa kuanza mazoezi. Kama bei yake inakaribia nusu ya upasuaji, nisingekushauri.

Na upasuaji wenyewe? Si jambo geni: tangu mwaka 1934, madaktari Mixter na Barr wa Boston walipoeleza kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayobana neva, kipande hicho kimekuwa kikitolewa. Uholanzi mwaka 2007 walilinganisha wagonjwa 283 waliokuwa na sayatika kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi, lakini mwaka ulipotimia asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, ingawa katika kundi la kusubiri asilimia 39 waliishia kupasuliwa vilevile. Hao walikuwa wapya. Wewe unafanana zaidi na wagonjwa 128 wa Canada, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2020: walikuwa na sayatika kwa miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi sita, maumivu ya mguu kwa waliopasuliwa yalikuwa 2.8 katika kipimo cha 0 hadi 10, na kwa waliobaki na mazoezi na sindano yalikuwa 5.2. Tofauti hiyo ni kubwa, na mimi ninayeishi kwa mazoezi sina haki ya kukuficha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama vipimo vya kisigino na vidole vimeonyesha udhaifu, onana na daktari wa upasuaji wiki hii. Kama nguvu zipo, fanya wiki sita za kweli za mpango niliokueleza, chini ya mtaalamu, bila sindano za njiani. Mguu ukianza kuachia, endelea. Wiki sita zikiisha na mguu uko palepale, pasuliwa bila kujiona umeshindwa, na usivute mambo mpaka mwaka wa pili.

Kuhusu vitisho ulivyosikia. Uti wenyewe wa neva huishia sehemu ya juu ya kiuno, pingili kadhaa juu ya mahali patakapofunguliwa. Kule chini kuna mizizi tu, inayoning'inia kama nywele za mkia wa farasi. Kupooza kunaweza kutokea, lakini ni nadra sana. Hatari za kawaida zaidi ni usaha, kuchanika kwa ngozi inayozunguka neva, na diski kuchomoza tena, jambo linalowapata takriban watu 5 hadi 15 katika 100. Neva za nguvu za kiume zinatoka kwenye mizizi iliyo chini ya ule wako. Kinachozima hamu kwa wengi ni maumivu yenyewe, kukosa usingizi na dawa. Watu wengi hutembea siku hiyohiyo au kesho yake. Ila uelewe unachonunua: upasuaji huu ni wa mguu. Kiuno huenda kikabaki na kelele zake. Na ganzi inaweza kuchelewa kuliko maumivu, kwa kuwa uzi wa neva uliokufa hukua karibu milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidole kidogo ni karibu mita nzima.

Daktari mpasuaji muulize haya. Je, utatoa kipande kilichochomoza peke yake, au unataka kuweka vyuma na skrubu? Kwa diski iliyochomoza mara ya kwanza, bila pingili kuteleza, skrubu kwa kawaida hazihitajiki, na ndizo zinazopandisha bei mpaka viwanja vinauzwa. Umefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka huu? Nitarudi lini kwenye lori? Mimi ningekutaka ukae nje ya usukani wa safari ndefu hadi karibu miezi mitatu.

Muulize pia kama anafanya kazi katika hospitali ya serikali, kwa sababu wengi wao hufanya. Ada katika hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Ni kweli foleni ni ndefu, na baadhi ya vifaa huenda ukaambiwa ununue mwenyewe, lakini tofauti ya gharama na hospitali binafsi inaweza kuwa kiwanja kizima. Nenda Mulago na CD ya MRI yenyewe pamoja na karatasi ya majibu, daftari la dawa, majibu ya figo na sukari, na zile namba za kisigino za kila Jumapili. Daktari akiziona hizo atajua mengi kabla hajakugusa. Dalali asikanyage kiwanjani kwako mpaka umetoka huko.